Ukuta Aliofundishia Dorkas

Kijijini walimwona Dorkas binti Ezekieli mtu wa ajabu kidogo. Ukimpelekea mtoto wako amfundishe kusoma, hamkalishi mahali pamoja. Leo ataandika silabi mbili kwenye majivu yaliyomwagwa uani, kesho ataziandika kwa mkaa mgongoni mwa ungo, kesho kutwa kwenye ubapa wa jembe. Mtoto akishazizoea, anazifuta na kumtuma akazitafute kwingine. Kina mama walimcheka. Walisema ana nyumba nzuri ya udongo, kuta nne zimekaa bure, naye anahangaika na majembe na nyungo. Dorkas aliwaacha wacheke. Alikuwa na sababu yake, na hakuwa mtu wa kumweleza kila apitaye njia.

Sababu yenyewe ilianzia kwenye tembe la baba yake, nyumba ya paa la udongo, upande wa Kinyangiri, kabla ya watu kuhamishwa.

Mama yao alifariki mwaka wa sabini na moja, akijifungua, na mtoto naye hakukaa. Mzee Ezekieli alimzika mkewe na kitabu chake cha nyimbo chini ya kichwa, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokipenda marehemu ambacho hakikuwa na miguu. Hapo kikaondoka kitabu pekee kilichokuwamo nyumbani mle. Mzee mwenyewe hakujua kusoma, hivyo hakuona kama ametoa kitu ambacho wengine wangekihitaji. Dorkas aliona, akanyamaza. Utamwambia nini mwanamume anayefukia kaburi la mkewe?

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne, akafaulu, kisha akarudishwa nyumbani kwa sababu darasa la tano lilikuwa mbali na mama alikuwa ameanza kuumwaumwa. Sasa aliachiwa Leah, aliyekuwa na miaka tisa, na Naftali, wa miaka mitano, aliyekuwa bado akimwita mama asubuhi kabla ya kukumbuka. Aliachiwa pia uwele wa kusaga, maji ya kuchimbua mchangani mtoni, na ng'ombe kumi na wanne wa kukamua akisaidiana na baba yake.

Shule ya karibu ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa mtu mzima, na katikati kulikuwa na korongo ambalo masika lilichukua watu. Dorkas aliomba Leah apelekwe. Mzee Ezekieli alikuwa anakaza kamba ya mlango wa zizi, hakugeuka.

"Nimezika wawili mwaka huu," alisema. "Sina nguvu ya kuzika wa tatu."

"Basi nitawafundisha mimi, baba."

"Fundisha. Maadamu watu wanakula."

Wanaodhani kufundisha wadogo zako nyumbani ni jambo la kukaa tu na kuanza, hao hawajawahi kusaga uwele huku mmoja anauliza swali na mwingine anamkimbiza jogoo. Mwezi wa kwanza Dorkas alitaka kufanya kama shuleni: kaeni chini, nyamazeni, nitazameni. Alipiga kelele, alichapa, na mara moja alilia mbele yao, jambo lililomtisha Naftali kuliko fimbo. Hawakujifunza kitu. Ndipo akaanza kuwaangalia kwanza. Aliona kwamba asubuhi, wakishapata uji tu, wana akili ya muda mfupi, kiasi cha maziwa kupata moto na kuanza kufoka. Hapo ndipo pa kusoma. Baada ya hapo unapoteza pumzi yako. Aliona tena kwamba mchana, mbuzi wakilala kivulini, wanaweza kurudia ya asubuhi lakini hawawezi kupokea jipya. Naftali hakuweza kusikiliza mikono ikiwa mitupu, kwa hiyo alimpa karanga za kumenya, akahesabu kwa hizo hizo, akila moja kila akipata jibu. Dorkas alimpa Leah kazi ya kumfundisha Naftali kila alichojifunza jana yake, na kwa njia hiyo Leah mwenyewe hakusahau. Na siku ambayo chakula kilikuwa kidogo hakumchapa mtu kwa kushindwa kujibu. Hayo yote aliyagundua peke yake, na yote yalikuwa sahihi. Ndiyo maana lile moja lililokuwa kosa lilimuuma zaidi.

Hakuwa na karatasi wala ubao. Alichokuwa nacho ni ukuta. Tembe la Mzee Ezekieli lilikuwa refu na la giza, lakini chumba cha kusagia kilikuwa na tundu juu la kuingiza mwanga, na kuta zake Dorkas alizipaka udongo mweupe uliochanganywa na majivu. Juu yake akaandika kwa mkaa. Na hapo akapata wazo ambalo lilimfurahisha kiasi cha kucheka peke yake: kila silabi aliipa makao yake. MA aliiandika juu ya jiwe la kusagia, pale mama alipozoea kupiga magoti. BA aliiweka juu ya kigoda cha baba. KU ilikaa pembeni walipolalia kuku, MA-JI juu ya mtungi, NGO mahali ambapo ungo hutundikwa. Chini ya hizo, kuuzunguka ukuta wote, aliandika sentensi alizotunga mwenyewe. *Mama anasaga uwele. Baba analeta maziwa. Kuku amelala.*

Watoto walizidaka. Naftali, aliyesahau hata alikoacha shuka lake, alijua silabi kumi kabla mwezi haujaisha. Leah alijua ukuta mzima kabla ya mavuno. Moshi ulipozifubaza herufi, Dorkas alipaka upya na kuandika upya, mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule, kwa kuwa mwalimu wake wa zamani alikuwa amewafundisha unadhifu. Kuandika wangejifunza baadaye, kwanza wasome. Hivyo ndivyo yeye alivyofundishwa.

Na msidhani alikuwa akiwakaririsha kama kasuku. Alichukua kijiti, akaruka huku na huku: hii, ile, ya kule mwisho, rudi ya mlangoni. Leah hakukosea. Mwinjilisti alipopita mwaka wa sabini na tatu, aliingizwa chumba cha kusagia akiwa na kofia mkononi, akapewa kijiti yeye mwenyewe. Alionyesha, Leah akasoma. Alionyesha tena, Leah akasoma bila kumeza mate. Mwinjilisti akamgeukia Mzee Ezekieli.

"Mzee, nyumba hii ina shule ndani yake."

Jioni ile Mzee Ezekieli alimkata Dorkas kipande cha nyama kikubwa kuliko chake. Dorkas alikikumbuka kipande kile miaka mingi. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile tena, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi.

Mwaka uliofuata, kiangazi, operesheni ya vijiji ikafika. Watu wa chama walipita na orodha: kila kaya ihamie kijiji kipya, upande wa barabara ya Iguguno, ambako kutakuwa na bomba, zahanati na shule. Wazee walilalamika kwa Kinyiramba na kukubali kwa Kiswahili. Mzee Ezekieli alizunguka zizi lake mara mbili, kisha akaketi juu ya kigoda chake, akabaki hapo. Katika kaya yote, pengine katika upande ule wote, aliyefurahi ni Dorkas peke yake. Shule! Leah angetembea hatua mia tatu akafika. Alificha furaha yake kama mtu anavyoficha chakula wakati wa njaa.

Siku ya kuhama mgambo walipanda juu ya tembe wakang'oa miti na kuporomosha udongo wa paa, ili mtu asirudi. Walifanya haraka, wala hawakutukana mtu. Mwanga ukaingia chumba cha kusagia ambao haukuwahi kuingia, na ukuta ukaonekana wote kwa mara moja, mweupe na herufi zake nyeusi. Jiwe la kusagia halikupata nafasi kwenye lori. Leah alilia kwa ajili ya lile jiwe. Dorkas alimshika mkono akamwambia anyamaze, mawe yapo kila mahali.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi na kamba. Walijenga kibanda cha nyasi, kwa kuwa maji ya kukandia udongo hayakuwapo, na lile bomba lilikuwa bado maneno. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimekosekana, vihenge vya nafaka vilikuwa vimeachwa nyuma, na watu wakaanza kula unga wa msaada, ule wa njano walioita yanga, uliofanya matumbo ya watoto yanung'unike. Shule ilikuwa nguzo kumi na mbili na nyasi juu, lakini mwalimu alikuwapo: Mwalimu Leonidas, kijana mrefu kutoka Bukoba, aliyevaa katambuga za tairi na suruali iliyopigwa pasi sijui wapi.

Dorkas alikwenda kwake siku ya tatu tu. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza sawasawa mambo yalivyo. Naftali, wa miaka minane, angeingia darasa la kwanza bila shida. Leah alikuwa na kumi na mbili. Darasa la kwanza ameagizwa asiandikishe waliozidi kumi. Lakini kuna nafasi chache darasa la tatu, kwa wanaojua kusoma.

"Akisoma mbele yangu, anaingia," alisema. "Asiposoma, dada yangu, sina mahali pa kumweka. Mwaka kesho atakuwa na kumi na tatu."

"Anasoma," Dorkas alisema. "Muulize hata mwinjilisti."

Siku ya mtihani alimpaka Leah mafuta ya samli, ya mwisho. Leah alisimama chini ya nyasi, akaamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tusomee hapa."

Alimpa kadi yenye mistari minne, maneno mepesi tu. Leah aliitazama ile kadi. Kisha aliinua macho, akatazama kushoto, akatazama kulia, akageuka nyuma kabisa akitafuta, na nyuma yake kulikuwa na nguzo na vumbi na mbuzi wa watu.

"Hapa, Leah," mwalimu alisema, akigusa kadi.

"Hapa hakuna jiwe," Leah alisema polepole.

Watoto wengine walicheka. Dorkas alihisi uso wake mwenyewe ukiwaka moto. Alisema mtoto ameona haya, hajazoea watu, ana njaa, apewe muda. Mwalimu Leonidas alikuwa na huruma ambayo haikuwa na nafasi kubwa ya kujigeuza. Alimpa hadi Jumatatu ya wiki ya pili.

Siku saba nzima Dorkas alizipoteza kwa hasira. Hilo nalo linafaa kusemwa. Alimgombeza Leah kwa kumwaibisha, akamwambia asome, na Leah akawa anasema tu kwamba kule alijua. Ndipo Dorkas alipopata shauri: ampeleke kule. Mzee Ezekieli alikuwa akirudi kuokota miti ya paa kwa ajili ya kibanda. Wakaondoka naye alfajiri ya Alhamisi, na mchana walikuwa wamefika.

Mvua ya kwanza ilikuwa imepita siku mbili zilizotangulia. Baada ya kiangazi kirefu kile ilikuja kubwa, na tembe lisilo na paa liliipokea yote. Kuta zilikuwa zimesimama. Katika chumba cha kusagia udongo mweupe ulikuwa umeteremka chini kwa mistari, na mkaa umeteremka nao. Hakukuwa na herufi hata moja. Dorkas alisimama mlangoni, akafungua mdomo kumwambia Leah warudi.

Leah alimpita akaingia. Uso wake ulikuwa umefunguka, jambo ambalo Dorkas hakuwa ameliona tangu wahame. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe la kusagia, akalipangusa tope, akainua kidole juu yake.

"MA," alisema. Akasogea. "BA. MA-JI. KU. NGO." Akageuka kwenye ukuta wa pili, akifuata kwa kidole kitu kisichokuwapo. "Mama anasaga uwele. Baba analeta maziwa. Kuku amelala." Hakukosea. Hakuruka hata moja. Alizunguka chumba chote hadi mlangoni, akamtazama dada yake. "Umeona, dada? Nilikwambia najua."

Dorkas alikaa chini kwenye tope. Aliokota kipande cha mkaa kutoka mekoni palipozimika, akavuta kipande cha mtungi uliovunjika, akaandika MA, kubwa, nzuri. Akamwonyesha.

"Hii ni ipi, Leah?"

Leah aliitazama kwa bidii yote aliyokuwa nayo.

"Uliiandika ukuta gani?" aliuliza. "Niambie tu ilikaa wapi, nitaijua."

Kwa hiyo mtoto alikuwa amejifunza nyumba. Miaka miwili na zaidi Dorkas alionyesha kwa kijiti, na miaka miwili na zaidi Leah alisoma jiwe, kigoda, mtungi, mahali pa kuku. Alama zenyewe hakuwa na haja ya kuzitazama, na hakuna aliyewahi kumpa haja hiyo. Kuruka huku na huku hakukusaidia chochote, kwa kuwa mahali palibaki pale pale. Lingehitajika jambo dogo tu kugundua: kuandika MA mara moja, mara moja tu, nje ya mlango.

Walibaki na siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Ni katika siku hizo Dorkas alijua kufundisha kusoma, na tangu hapo hakubadili. Aliandika silabi moja mavumbini, akaiandika tena kwenye kibuyu, akaiandika kiganjani mwa Leah, akamwambia aiandike mwenyewe kwa kidole kwenye unga wa yanga kabla haujapikwa. Alichanganya silabi zilizo kama ndugu: MA na NA, BA na PA, ili macho yashike tofauti. Alimwambia atafute MA kwenye maandishi ya gunia la msaada, na Leah alipoiona, ikiwa imekaa kati ya maneno ya kigeni asiyoyajua, alipiga kelele ya furaha iliyomkata Dorkas ini. Mtoto hakuwa mjinga. Alikuwa na akili nyingi mno; alikuwa amezipeleka pale alipoelekezwa. Hadi Jumapili jioni alikuwa na silabi kumi na moja za kweli, usingizi umemjaa machoni na tumbo linamkata.

Jumatatu alisoma neno moja katika mstari wa kwanza na nusu ya neno katika wa pili. Mwalimu Leonidas alingoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akairudisha kadi mfukoni.

"Ungeniletea baada ya miezi miwili," alimwambia Dorkas kwa sauti ya chini, "angekuwa ameshika."

"Miezi miwili utakuwa na nafasi?"

Mwalimu alitazama darasa lake, watoto sitini na kitu chini ya nyasi, akatikisa kichwa.

Majirani walikuwa na maelezo yao, na yalienea haraka kwa kuwa yalimfaa kila mtu: mtoto wa Ezekieli alijua kusoma vizuri, operesheni ikabomoa nyumba, mtoto akapata mshtuko, kusoma kukapotea. Walimhurumia Dorkas. Walimletea mlenda. Mzee Ezekieli naye aliamini hivyo, akawachukia mgambo hadi alipokufa. Dorkas aliwaacha waamini. Kubomolewa kulikuwa kweli, njaa ilikuwa kweli, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Masika yale maji yakapatikana, na kijiji kikajenga shule ya udongo kwa nguvu za watu. Kila kaya ilitoa mikono. Kwao ilitoka ya Dorkas na ya Leah. Wanawake walikandika kuta, kisha wakazipaka udongo mweupe uliochanganywa na majivu, na Leah, aliyeizoea kazi hiyo kuliko wenzake, alipewa ukuta wa mbele, pale ubao utakapotundikwa. Alipaka vizuri, kwa kiganja chote, bila kuacha mstari. Nje Naftali alikuwa akiimba tarakimu na wenzake wakingoja darasa liwe tayari. Dorkas alimwona Leah anapunguza mwendo, anarudi nyuma hatua mbili, anautazama ukuta mtupu kutoka kona hadi kona, midomo ikichezacheza.

"Dada."

"Naam."

"Ukuta huu nao watakuja kuubomoa?"

"Hapana," Dorkas alisema. "Huu ni wa serikali."

Leah alifikiri kidogo, akaridhika. Alichovya mkono ndooni.

"Basi Naftali hatasahau," alisema.

Dorkas alikuwa na maneno ya kumwambia. Alikuwa nayo tangu siku ile katika tope, yamepangwa, mafupi: hukusahau, Leah, ni mimi sikukufundisha. Alimtazama mtoto yule mwenye udongo hadi viwikoni, asiye na kinyongo na mtu yeyote duniani isipokuwa wale waliopanda juu ya paa. Akainama, akachota udongo mwingine, akaanza kupaka upande wake.